Muulize Mama Ploti: Viatu, Kanisa na Kodi

*Mama Ploti, nimejenga vyumba sita karibu na soko la Masii, kodi Sh4,500 kila kimoja. Mpangaji wa mwisho alihama saa nane usiku na mkokoteni, akaniachia kalenda ukutani na deni la miezi mitatu. Sasa wapya wanabisha hodi. Nawapima kwa viatu, kwa salamu na kwa kanisa wanalosali. Kuna kipimo kingine? — Mwenye Vyumba, Masii*

Ndugu Mwenye Vyumba, pole kwa msiba. Lakini hebu niambie, huyo wa mkokoteni hakuwa na viatu vizuri? Nina hakika vilimeta. Tapeli ndiye anayepiga viatu rangi siku ya kuja kuona chumba, maana anajua utamtazama miguu. Mwalimu aliyeshuka bodaboda kutoka shule ya ndani ndani huko Kibauni atakuja na vumbi hadi magotini, na mwisho wa mwezi atalipa. Salamu nazo zisikupeleke mbali. Watu wa kwetu tunajua kusalimia. Hata anayedai na anayedaiwa watasalimiana vizuri sana.

Habari ya kanisa sitaijibu. Waliohama usiku wote wana makanisa.

Sasa sikiliza kipimo. Muulize mgeni amekaa wapi kabla ya sasa, na kabla ya hapo. Kisha umpigie simu yule mwenye nyumba wa zamani zaidi. Huyu wa sasa usimwamini: kama amechoka kudai, atamsifu mtu wake kama malaika ili ahame kesho asubuhi. Wa zamani hana cha kupata wala cha kupoteza, atakwambia ukweli pamoja na mambo mengine ambayo hukuuliza. Ukimaliza, pita kwa muuza mboga aliye karibu na ploti anayotoka. Yeye ndiye anayeweka daftari la madeni, na anajua nani hukopa sukuma wiki Jumatatu akalipa Ijumaa, na nani hubadilisha njia.

Halafu kipato. Wenye nyumba wengi wa huku humkimbilia mwenye hati ya mshahara na kumfungia mlango mwendesha bodaboda. Mnakosea hesabu. Mwenye mshahara ana pesa siku chache tu, na benki na sako zimeshajikatia kabla yake. Wa bodaboda, fundi, mchonga vinyago wa Wamunyu, hawa hushika pesa kila jioni. Basi kubalianeni alipe kila Jumamosi kupitia M-Pesa, wiki kwa wiki. Akikwama utajua ndani ya siku saba. Yule wa mkokoteni alikupa siku tisini.

Chukua nakala ya kitambulisho, sawa. Lakini usiirushe kwenye kundi la WhatsApp la wenye ploti ukiandika "mnamjua huyu?" Tangu 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data, na taarifa za mtu ulizopewa kwa ajili ya chumba ni za chumba hicho tu. Andikeni mkataba, hata ukurasa mmoja: kodi, tarehe, dipositi ya mwezi mmoja, nambari ya mita ya stima, na hali ya kila kioo na kila kitasa. Pigeni picha mkiwa wote wawili mmesimama pale. Kesi za dipositi nyingi huwa ni kesi za kioo ambacho hakuna anayekumbuka kilipasuka lini.

Na kwa kuwa unapenda kupima uaminifu wa watu, vyumba sita kwa Sh4,500 ni Sh27,000 kwa mwezi, Sh324,000 kwa mwaka. Kodi za nyumba za kuishi zikipita Sh288,000 kwa mwaka, KRA inataka asilimia 7.5 yake, bila kutoa gharama yoyote, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ilikuwa asilimia 10 hadi mwisho wa 2023, kwa hivyo tayari wamekupunguzia. Vyumba vikijaa mwaka mzima ni Sh24,300. Unalipa? Mimi sijauliza viatu vyako.

*Mama Ploti, nina miaka 34, ni fundi cherehani, nina mtoto mmoja, sina mume. Nimekataliwa ploti tatu hapa Mwala. Wa mwisho ameniambia nirudi na bwana. — Sina Bwana, Mwala*

Dada yangu, ungemuuliza kama chumba chake kinakuja na bwana au bwana analipiwa kando.

Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya hali ya ndoa, ujauzito, kabila, dini na mengineyo, na hakisemi na serikali peke yake; kinamkataza mtu binafsi pia, hata mwenye mabati kumi na choo cha shimo. Ila sikushauri ushinde kwake kwa nguvu. Mtu anayeuliza habari za mumeo langoni atauliza habari za wageni wako kila Jumapili hadi uhame.

Ukifika ploti ya nne, pima wewe. Maji hutoka siku gani, na yasipotoka dumu la lita 20 ni pesa ngapi? Hapa kwetu swali hilo lina uzito kuliko kodi yenyewe. Mita ya stima ni yako peke yako, au mnanunua tokeni pamoja na jirani mwenye friji ya kuuzia soda? Choo ni cha milango mingapi? Kisha mvizie mpangaji aliyekaa hapo muda mrefu, mwenye nyumba akiwa hayupo, umuulize kama aliyehama mara ya mwisho alirudishiwa dipositi. Akicheka, endelea na safari.

*Mama Ploti, mimi ni keateka Wamunyu. Mpangaji wa Sh2,000 amepitisha mwezi. Bosi amenitumia kufuli na kusema nikifunga haitoshi, ning'oe na mabati. — Keateka*

Mwanangu, weka hilo kufuli chini. Nyumba ambayo kodi yake haizidi Sh2,500 inalindwa na Sura ya 296, Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba. Mpangaji wake hatolewi bila amri, wala vyombo vyake havikamatwi kwa deni bila ruhusa ya jopo linalosimamia sheria hiyo. Na polisi wakija, atakayekutwa juu ya paa ni wewe. Bosi yuko Nairobi.

*Mama Ploti, shemeji yangu, kaka ya mke wangu, anataka chumba kwangu Mbiuni. Nimpime vipi? — Baba Watoto*

Hapimwi. Mpe chumba, na kodi asiyolipa uihesabu kwenye mbuzi wa mahari uliobakiza. Ama mtafutie ploti ya mtu mwingine, ulipe dipositi wewe, na jina langu lisitajwe.

Barua za wanaotaka kumpima mama mkwe hazitajibiwa.