Bendera Ilikuwa Moja

Mwezi wa Julai hapa Mwimbi, baridi ya Ufipa humtafutia kila mtu kazi ya karibu na moto. Jumamosi moja nilikaa jikoni nikichomea nyaya za mashine ya kutotolea vifaranga, maharage yakitokota pembeni.

Ubongo wa mashine hiyo ni Arduino Uno, kidude cha kuenea kiganjani. Pini namba 2 hupokea kengele ya joto likizidi nyuzi 37.5; namba 3, kitufe cha kugeuza mayai. Zikiita pamoja, chipu haikuni kichwa. Ina orodha yenye nafasi 26, aliye juu husikilizwa kwanza, na pini 2 iko juu ya pini 3. Kabla ya kuitika hutunza anwani ya pale ilipoishia. Ikishaingia kazini hufunga mlango. Anayebisha huwekewa bendera moja tu, hata abishe mara kumi. Ikimaliza hurudi kwenye kazi yake ya awali, ikatekeleza walau amri moja, ndipo imwite anayefuata.

Mimi sina orodha. Mama aliita kwamba mbuzi wako kwenye mahindi yaliyoanikwa, nikaruka. Njiani simu ikalia, mteja anaulizia redio yake. Sijamaliza kumdanganya, jirani akaja kuazima toroli. Toroli ikanipeleka stoo, stoo nikaliona jembe bovu, nikaanza kulichongea mpini. Mbuzi niliwakumbuka nilipomwona mmoja akicheua kwa utulivu wa mzee aliyetoka harusini. Maharage yalikuwa makaa. Waya mwekundu, sikujua kama nimeshauchomea.

"Mwanangu, nimekuita mara tatu!"

"Mama, bendera ilikuwa moja."

Hakucheka.

Jumamosi iliyofuata nikaiga chipu. Mama alipoita, kabla ya kuinuka nilichukua kipande cha mkaa nikaandika kwenye gunia la mahindi lililokuwa kando yangu: "Mwekundu tayari, bado mweusi. Maharage, ongeza maji." Nikaondoka kwa madaha.

Kumbe mnunuzi amefika, naitwa kupakia. Tulipakia magunia yote, la mwisho tukalitoa jikoni, mimi na kijana wa lori, tukihema. Lori likashika njia ya Sumbawanga. Nikarudi jikoni kusoma nilipoishia.

Maharage yalishaanza kunukia. Huko Sumbawanga kuna mtu amesoma ubavuni mwa gunia aongeze maji. Natumaini aliwahi.