Jinsi ya Kupokea Posa ya Pakiti

Ukiingia dukani, jihesabu mwari. Kila pakiti iliyo kwenye rafu imekuja kuposa, na imemtanguliza mshenga wake: moyo mwekundu, jani la kijani, maandishi manono. Mshenga msikilize kwa adabu, kisha geuza pakiti. Habari za ukoo zimeandikwa nyuma, kwa herufi za sisimizi, na huko ndiko kwa kuulizia.

Anza na mafuta ya kupikia yanayojinadi "Hayana Lehemu". Ni kweli, hayana. Lehemu, yaani kolestro, hutoka kwa wanyama; alizeti haina, mawese hayana, na chupa ya jirani yake haina vilevile. Ndiyo maana mwongozo wa Codex, tume ya vyakula iliyoundwa na FAO na WHO mwaka 1963, unataka sifa ya namna hiyo itajwe kuwa ni ya chakula chote cha aina hiyo, chapa moja isijitwalie. Wewe uliza habari za yale mafuta yanayoganda, maana hayo ndiyo yanayopandisha lehemu kwenye damu hata kama chupani haimo. Kwenye mawese ni karibu nusu nzima. Kwenye alizeti ni kama sehemu moja ya kumi.

Sasa kariri tarakimu, chache tu. Kwa Codex, chakula hakiitwi "hakina mafuta" au "hakina sukari" kikizidi gramu 0.5 katika kila gramu 100. "Mafuta kidogo" ni yasiyozidi gramu 3 kwa kila gramu 100 za chakula kigumu, na 1.5 kwa kila mililita 100 za kinywaji. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina kiwango chake cha madai ya lishe na afya, EAS 805.

Ukishakariri, shika chupa ya juisi ya mililita 500 iliyoandikwa "Haina Mafuta". Juisi gani ina mafuta? Tafuta sukari. Tuseme ni gramu 11 kwa kila mililita 100: chupa nzima ni gramu 55, karibu vijiko 14 vya chai. Nani angekutilia vijiko 14 kikombeni ukamshukuru? WHO inashauri mtu mzima asifikishe gramu 50 kwa siku, na akiweza ashuke hadi 25. Jihadhari pia na jedwali linalohesabu "kwa mgawo mmoja" ilhali chupa ni ya migawo miwili na wewe utaimaliza peke yako kabla daladala haijafika Ubungo.

Mkate wa asali? Soma viambato. Huorodheshwa kwa uzito, kizito kwanza. Asali ikiwa mkiani, baada ya chumvi, umeshajua imo kiasi gani.

Na posa moja usiipokee hata kwa mahari ya ng'ombe mia: pakiti inayosema inatibu kisukari au presha. Mwongozo wa Codex wa madai, wa mwaka 1979, unakataza chakula kujinadi kuwa kinazuia au kuponya ugonjwa, na aliyeacha dawa zake kwa kuamini lebo anaweza kulipa kwa figo au macho. Dawa endelea nazo. Pakiti piga picha, mbele na nyuma, namba ya toleo ionekane, tunza na risiti, kisha peleka TBS, shirika la viwango la Tanzania, au KEBS kama uko Kenya.