Mita 60 za Mheshimiwa

Msimu wa vinyungu umeiva Iringa. Mvua ziliaga Mei, mabonde yamebaki na unyevu, na kina mama wameinua matuta ya maharage na mboga kando ya kijito. Mkaguzi wa kwanza ni ngedere. Wa pili ni bwana mwenye gari, amekuja kukumbusha kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Sheria njema, hatubishi. Ila kamwene, mheshimiwa! Maharage ya bibi yatang'olewa kabla ya masika. Ile miti yako ya milingoti juu ya chemchemi, inayokunywa usiku na mchana bila bili ya maji, yenyewe ni ya msimu gani?

Mvua zikirudi mheshimiwa atapanda Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, apigwe picha katikati ya okidi na kuisifia Bustani ya Mungu. Mbayuwayu wa buluu nao huja huko na mvua, wakazaa, wakalea, wakaondoka. Hawaachi uzio wala bango la “Eneo hili haliuzwi”. Ndege wamelelewa.

Kijito kikikauka, mheshimiwa ndiye atakayeitisha maombi, akae kiti cha mbele. Tutakwenda, mbona! Ila tugawane maombi: sisi tuombe mvua, yeye aombe shoka.