Klachi ya Mashindano Kwenye Foleni ya Feri

Hongera. Umefungiwa klachi ya mashindano, ile ya vibao sita vya seramiki, kwenye Subaru Impreza ambayo kazi yake kubwa ni kumpeleka mama watoto kwao Ukunda kila Jumamosi. Umetoka gereji ukipiga mluzi. Umefika kwenye feri ya Likoni, maji yamekupwa, na gari linatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa. Tulia. Maliza kusoma, ndipo umpigie fundi simu.

Kwanza jiulize kama hicho unachokiita ubovu si kile kile ulichokilipia. Klachi ambayo gari lilitoka nayo kiwandani ilikuwa na subira. Pleti yake ilivikwa kitambaa cha msuguano kilicho laini kiasi, na kati ya kuachia na kushika ulikuwapo mwanya mpana wa kupimia mguu. Seramiki haina mwanya huo. Ama imeshika, ama haijashika. Presha pleti nayo ina springi ngumu zaidi, kwa sababu iliundwa ibane nguvu ambazo gari lako halina. Kwa hiyo pedali nzito, mtetemo ukiondoka polepole, na ule mlio wa njuga gari likiwa halina gia, ikiwa ulishawishika kuweka na flaiwili nyepesi, vyote vimo kwenye bei. Hukutozwa zaidi.

Sasa turudi Likoni. Maji yakipwa, mteremko wa kuingilia feri huwa mkali kuliko ulivyouacha asubuhi, na ukivuka ng'ambo mteremko huo huo unakungoja kuupanda. Mbele yako kuna mikokoteni, akina mama wenye mizigo kichwani, na kijana mwenye trei ya mayai. Ukipandisha moto na kuachia pedali, gari litaruka kama chura. Ukiiachia kidogo kidogo kama ulivyofundishwa shule ya udereva, litatetemeka, kisha litanuka. Siku yangu ya kwanza nilizima mara nne. Mara ya tatu, mkwe wangu aliyekuwa kiti cha nyuma alianza kusoma Ayatul Kursi, na aliisoma kwa sauti. (Wapo watakaokwambia upitie barabara ya Dongo Kundu, uepuke feri. Ni ushauri mzuri. Mimi mwenyewe huutoa.)

Klachi mpya huhitaji kuzoeshwa. Watengenezaji wengi hutaka kama kilomita 800 za uendeshaji wa upole, na hapo ndipo wajanja wanapokosea. Husema: Nairobi ni kilomita 480, nikienda na kurudi nimemaliza hesabu na nyama choma nimekula. Bwana wee, dereva akishaweka gia ya tano baada ya Mariakani, hana habari na klachi hadi lori limzuie karibu na Voi. Kinachosugua vibao vikakaa sawa na flaiwili ni kule kushika na kuachia, wala si umbali. Zunguka Mwembe Tayari, Buxton, vuka daraja la Nyali, ingia soko la Kongowea, rudi. Fanya hivyo wiki kadhaa bila kushindana na matatu hata moja. Najua hilo la mwisho ndilo gumu.

Ikiwa umevumilia na bado mambo hayaendi, huenda kweli pana ubovu. Hapo utahitaji kuielewa lugha ya gereji. "Itakaa sawa ukitembea nayo" maana yake fundi hajui. "Hizi za nje ndivyo zilivyo" huenda ina maana kwamba pleti imewekwa kinyume, upande ulioandikwa utazame flaiwili ukatazama giaboksi, na sasa kitovu chake kinakwaruza vichwa vya bolti. "Flaiwili yako bado nzima" maana yake haikuskimiwa, kwani kwa mkerezaji ni mbali na jua lilikuwa kali.

Gia zikigoma kuingia, na rivasi ikilia kama bati linalokatwa, usikimbilie kulaumu seramiki. Kanyaga pedali mara kadhaa haraka haraka. Gia zikikubali kuingia baada ya hapo, kuna hewa kwenye mpira wa mafuta ya klachi au kwenye ile silinda ndogo iliyo juu ya giaboksi. Itolewe, kazi ya chupa moja ya mafuta ya breki na mtu wa kukukanyagia. Lakini Impreza nyingi za turbo zina siri nyingine. Beringi yake ya klachi huvuta vidole vya presha pleti, haivisukumi kama kwenye magari mengi, na lazima inaswe mle ndani hadi isikike imebana. Fundi aliyezoea Corolla anaweza kufunga giaboksi yote, akanawa mikono, akanywa chai, na beringi ikawa haijanaswa popote. Dalili yake ni pedali nyepesi isiyofanya kazi yoyote. Dawa yake ni kushusha giaboksi upya, na mjadala mrefu wa nani analipa.

Kuteleza hupimwa barabara ikiwa tupu, ukishapita Mtwapa, na baada ya zile kilomita 800. Weka gia ya nne, kilomita 60 kwa saa, kanyaga mafuta hadi chini. Mshale wa mizunguko ukipaa na wa mwendo ukabaki nyuma, klachi inateleza. Mara nyingi ni oili, ama kutoka vidole vya fundi ama kutoka sili ya nyuma ya krenki. Unaikumbuka sili hiyo? Fundi alikuuliza kama aibadilishe, maadamu giaboksi iko chini. Bei yake ilikuwa ya chakula cha mchana. Ukasema hiyo iliyopo itatosha.

Na kelele. Ikisikika unapokanyaga pedali, shuku beringi ya klachi, ile kuukuu iliyorudishwa kwa sababu "bado inazunguka." Ikisikika umeachia na kunyamaza ukikanyaga, shuku beringi ya shafti ya giaboksi, na hilo tulizungumze siku nyingine, ukiwa umelipwa mshahara.

Kwa sasa feri imefika na askari anakupungia uingie. Shika hendibreki, pandisha moto kidogo, mwache kijana wa mayai atangulie mbali, kisha achia pedali kwa moyo mmoja. Harufu ya kuungua ikitanda mkishakaa ndani, shusha kioo, mtazame dereva wa matatu aliye ubavuni mwako, na utikise kichwa kwa kumhurumia.