Mia Tano ya Babu

Nadaiwa shilingi 500, na anayenidai ni babu mmoja wa hapa Lumemo anayepita mlangoni kwangu kila asubuhi akielekea shamba, jembe begani. Namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba vizuri tu, kisha anauliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Nahodha, boti limefika Rufiji?" Wanaopita wanacheka. Hata wale ambao hawakuwepo wanacheka.

Ilikuwa Jumamosi iliyopita. Wiki nzima nilikuwa nimetangaza kijiweni, gengeni na kwenye mashine ya kukobolea mpunga, kwamba nitaonyesha filamu ya vita iliyochezwa kwenye mto wetu. Nikasisitiza: si mto wa kufanana, ni huu huu Kilombero, ambao zamani Wazungu waliuandika Ulanga, na jina hilo linatamkwa ndani ya filamu na Humphrey Bogart mwenyewe. Filamu ni The African Queen ya mwaka 1951, mwongozaji John Huston. Kiingilio mia tano, watoto bure. Shuka la shemeji likatundikwa ukutani, projekta ya kuazima ikakaa juu ya magunia mawili ya mpunga, na kwa kuwa filamu ni ya Kiingereza nikashika kipaza sauti nitafsiri mwenyewe. Wapo waliozaliwa kwa kazi hiyo, kama Lufufu. Mimi nilizaliwa kwa kazi nyingine ambayo bado sijaijua.

Mambo yaliharibika mapema. Maandishi yanasema ni Septemba 1914, Afrika Mashariki ya Kijerumani, kijiji cha Kungdu. Bibi mmoja akauliza Kungdu iko upande gani. Nikajibu iko njia ya Malinyi. Huo ukawa uongo wangu wa kwanza, na uongo ni kama maandazi, ukishakula moja unanyoosha mkono tena. Kanisani akatokea mchungaji wa Kimethodisti kutoka Uingereza, anaimbisha, dada yake anapiga kinanda, huku watu wanaimba kila mmoja na wimbo wake. Babu, Mkatoliki wa kubatizwa utotoni, akataka kujua Wabenediktini wako wapi, maana Kwiro kule Mahenge walishafika tangu 1902. Nikasema wako likizo.

Kisha boti la Bogart likaingia kwenye maporomoko. Maji meupe, miamba kama nyumba, Katharine Hepburn ameshika usukani na furaha imempanda. Wavuvi watatu waliokaa mkekani mbele wakaanza kusukumana mabega. Hawa ni watu wanaoujua mto kwa mtumbwi na kwa upondo, mchana na usiku. Hapa kwetu bonde ni tambarare kiasi kwamba masika yakikolea maji hayaendi popote, yanatandaa tu kama uji uliomwagika, na Mto Lumemo nao unakuja kutusalimia vyumbani. "Mwalimu, miamba hii iko kivuko gani?" Nikasema ni sehemu za juu. "Za juu wapi?" Ukweli ni kwamba ni Kongo, Mto Ruiki, pamoja na Murchison kule Uganda. Na pale Bogart anapoingia majini na kutoka amejaa ruba mwili mzima, aliingia kwenye tangi huko Uingereza. Mvuvi mmoja aliona kitu hicho bila kuambiwa. "Maji haya hayana hata jani linalopita," akasema.

Lakini kilichonimaliza ni ziwa. Katika filamu Ulanga unafika mahali unabadilika jina, unaitwa Bora, kama sabuni, halafu unamwaga maji ziwani ambako kuna meli ya vita ya Wajerumani. Nilipotafsiri hivyo, Babu alisimama. Alisimama mbele ya projekta, kivuli cha kofia yake kikamfunika Katharine Hepburn uso mzima.

"Mjukuu wangu, mto huu unakutana na Luwegu, unaporomoka pale Shuguli, unakuwa Rufiji, unaingia baharini. Ziwa limetoka wapi?"

"Babu, hii ni filamu."

"Ulisema ni mto wetu."

Ukumbi, yaani uwanja wa shemeji, ukalipuka. Nilirudisha hela za watu 20 na zaidi. Chenji ikaisha kabla sijamfikia yeye.

Sasa nilijitetea vibaya usiku ule kwa sababu niliduwaa, lakini hoja ninayo, na inaniuma kuliko aibu yenyewe. Kama waandishi wangeuacha mto uende unakokwenda, wangekuta manowari ya kweli ya Wajerumani inawasubiri! Septemba ile ile ya 1914, Königsberg ilitoka delta ya Rufiji, tarehe 20 ikaizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, bandarini Zanzibar, mtambo wake ukaharibika, ikarudi kujificha kwenye mikoko ya Rufiji. Vyuma vilivyoharibika vikaburutwa na watu nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa, vikarudishwa. Waingereza walihangaika miezi, maana meli zao kubwa haziwezi kuingia kwenye vijito vile. Ilibidi zivutwe kutoka Malta manowari mbili zenye kitako bapa, Severn na Mersey, na ndege ziruke juu kutazama makombora yanaangukia wapi, ndipo tarehe 11 Julai 1915 wakaipata. Mizinga yake 10 ikaopolewa, ikawekewa magurudumu, ikakokotwa nchi nzima. Mmoja ukaenda kufungwa kwenye meli Graf von Götzen, Kigoma. Kwa hiyo Rufiji na Ziwa Tanganyika zilikutana kweli, ila kwa reli na migongo ya watu.

Na hiyo Götzen ndiyo watu husema iliyozaa meli ya kwenye filamu. Ile ya filamu inalipuka kwa torpedo zilizotengenezwa kwa mitungi ya oksijeni. Ya kweli ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kwenye makasha 5,000, ikaungwa upya Kigoma, ikashushwa majini 1915. Hakuna Mwingereza aliyeigusa. Kamanda wao ziwani, Spicer-Simson, ambaye alikuwa akivaa sketi (naapa, sketi), aliiona ikipita akakataa kuifuata. Wajerumani wenyewe ndio walioizamisha, Julai 1916, lakini kwanza mafundi wakazipaka injini grisi nene kila kona, kama mama anayempaka mtoto mafuta asubuhi ya baridi, wakaijaza mchanga, wakailaza taratibu. Waingereza wakaiibua 1924, injini ziko salama. Tangu 1927 inaitwa Liemba. Niambie nani anahitaji torpedo za mitungi ukiwa na hadithi ya grisi kama hiyo.

Ila kuna jambo ambalo sikulitafsiri usiku ule, na hakuna aliyeniuliza. Mwanzoni mwa filamu Wajerumani wanachoma kijiji, wanawaswaga wanakijiji kama mbuzi, wanatoka nao nje ya picha. Muda wote uliobaki hakuna anayewaulizia. Wazungu wawili wanapendana, wanagombana kuhusu pombe, wanafunga ndoa. Wale walioswagwa nawajua walikokwenda: walibeba. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake, makadirio mengine yanakaribia 95,000. Jina la jeshi lao tumebaki nalo Kariakoo, tunakwenda kununulia viatu. Mahenge hapo juu ilitekwa Oktoba 1917 na askari wa Wabelgiji, na kila jeshi lililopita bonde hili lilikula mpunga wa mtu. Hao hawakupata hata sekunde moja ya kurudi kwenye picha.

Jumapili projekta ilirudi kwa mwenyewe taa imeungua. Jumatatu shemeji aligundua shuka lina matundu ya misumari.

Leo asubuhi Babu amepita tena. Nikaona nimweleze ukweli: boti lile halitafika Rufiji, liko Key Largo, Florida, linabeba watalii. Akafikiri kidogo, akahamishia jembe bega la pili.

"Basi hao watalii wameona kilichowapeleka," akasema. "Mimi mia tano yangu ilikuwa ya Rufiji."