Jua la Saa Nane na common.h

Anayeandika programu za C katika nyumba ya mabati hapa Mukuru kwa Reuben ana maadui wawili: jua la saa nane na faili inayoitwa common.h. Jua angalau huchwea.

Kwa asiyeijua kazi hii, heda ni faili ya matangazo: hutaja data na funksheni zilizopo ili faili nyingine zizitumie. Ukiandika #include, kompaila huinakili heda nzima na kuimwaga papo hapo. Heda ikiita heda nyingine, nayo humwagwa. Ndivyo ilivyo tangu Dennis Ritchie alipoiunda C kule Bell Labs miaka ya 1970.

Mradi wetu ni wa programu za mita. Una mamia ya faili, na karibu zote zinaita common.h. Humo mna heda za saa, betri, mtandao, hata ya rangi za skrini, na mita zenyewe hazina skrini. Ni sawa na umeme wa sambaza unaopita juu ya mapaa yetu: waya umetoka kwa jirani, wa jirani umetoka kwingine, na hakuna fundi anayethubutu kukata hata mmoja, maana hajui televisheni ya nani itazimika.

Siku moja mwenzetu aliye ng'ambo alisahihisha tahajia ndani ya common.h. Herufi moja tu, tena katika maelezo ambayo kompaila huyatupa. Lakini make, programu aliyoiandika Stuart Feldman mwaka 1976, haijali nia ya mtu. Huangalia saa ya faili. Imeguswa? Basi zote zinazoitegemea zianze upya. Feni ya laptopu ikavuma mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kama nimefungua posho mili.

Kazi ilipokaribia kwisha, mtu wa ploti ya pili akachomeka koili apike githeri. Stima ikapotea. Betri yangu ni ya mapambo. Stima iliporudi, make ingeendelea pale ilipoachia, ila mwenzetu alikuwa ameshaona kosa jingine la tahajia.

Wakubwa nao hawajapona. Rob Pike alishauri tangu 1989 kwamba heda isiite heda nyingine. Ushauri ukasifiwa, heda zikaendelea kuitana. Januari 2022 Ingo Molnar akawapelekea wenzake wa Linux viraka zaidi ya 2,200 vya kufumua heda za kernel zilizosokotana.

Dawa inajulikana: kila moduli iwe na heda yake, na kila faili iite inachokitumia tu. Inayohitaji kielekezi cha mita tu iandikiwe tangazo moja, struct mita; na inyamaze, isiletewe ukoo mzima. Basi nikaanza kuipunguza common.h, na cha kwanza kutoka kikawa heda ya rangi, kitu ambacho hakuna awezaye kukililia.

Nusu ya mradi ikagoma. Hakuna faili iliyotaka rangi, la hasha. Zilikuwa zikiipata stdint.h, heda ya aina za namba, kupitia mgongo wa heda ya rangi.

Nikamweleza bosi. Akafikiri, akatoa uamuzi: rangi zirudishwe, na mita zijazo ziagizwe zenye skrini.