Misingi ya Elimushayiri: Uainishaji wa Subira ya Nafaka

Mwanafunzi, funga mlango, fungua daftari. Elimunyota huchunguza vilivyo mbali. Elimushayiri huchunguza jinsi punje iliyopandwa wiki moja baada ya wakati wake inavyouyumbisha ulimwengu. Wako wanaodai kwamba shayiri hupandwa mvua ikinyesha, basi. Hao tunawaita wanamvua, na hatutawataja tena.

1. Fasili. Usubirifu ni muda ambao shayiri hukaa kabla ya kukubali kutoa masuke. Usiuchanganye na uvivu, ambao ni wa mkulima.

2. Aina.

(a) Shayiri-ngojabaridi. Ulaya hupandwa majira ya vuli, ikapigwa baridi majuma kadhaa, ndipo iwaze masuke. Ukiipanda Timau, huota majani tu, ikingoja majira ambayo kalenda ya Kenya haina. Huu ni usubirifu mkamilifu.

(b) Shayiri-singojibaridi. Haidai baridi, ndiyo maana hustawi Mau Narok, Molo na Monduli. Ina vijiaina vitatu: (i) yenye haraka, ya mahali penye msimu mfupi wa mvua, (ii) yenye haraka kiasi, (iii) yenye kiasi cha haraka. Anayeuliza tofauti ya (ii) na (iii) hajafikia kiwango cha kujibiwa.

3. Kanuni ya Mwinuko. Kila upandapo mita 1,000, joto hupungua takribani nyuzi 6. Mbegu ileile huwahi kuiva chini, ikachelewa juu. Kwa hiyo swali "mbegu ipi bora?" lisilotaja mita si swali, ni kelele.

4. Kanuni ya Kinyumenyume. Tarehe ya kupanda haitafutwi mawinguni. Hutafutwa kiangazini, kwa kuhesabu kurudi nyuma: mbegu ya miezi 4 inayotakiwa kuvunwa Agosti, pakiwa pakavu, hupandwa Aprili. Ukiwahi mno, mvua huyakuta masuke yamekomaa, na punje huchipua shambani. Kosa hili ni uchipukaji-haramu, kwa kuwa kuchipua ni haki ya kiwanda cha kimea peke yake. Ukichelewa, mvua hukatika punje hazijajaa. Zinasinyaa, protini inazidi, na mnunuzi anazikataa.

5. Zoezi. Mkulima wa Timau amepanda shayiri-ngojabaridi mwezi Machi. Atavuna lini? (Alama 40.) Jibu litakalotaja mwezi wowote litapata sifuri.